Barua ya Maombi ya Kazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waombaji wa Unguja na Pemba

Nilikaa miaka kadhaa katika afisi ya utumishi ya hoteli moja ya ukanda wa mashariki ya Unguja, na kila msimu ulipokaribia kazi yangu ilikuwa kufungua bahasha na barua pepe za waombaji, kuzisoma na kuchagua za kumpelekea meneja. Tangu nilipoondoka, vijana wa mtaani, na watu wazima pia, huniletea barua zao nizitazame kabla hawajazipeleka. Maswali yaliyomo humu ndiyo wanayoniuliza, na majibu yametoka kwenye meza ile.

Ikiwa wasifu wangu umeshaeleza kila kitu, barua ina kazi gani?

Wasifu, au sivii kama wengi tunavyouita, hueleza umesoma wapi na umefanya kazi wapi. Barua hueleza kwa nini hayo yote yanamfaa mwajiri huyu kwa nafasi hii aliyoitangaza. Wasifu mmoja unaweza kuupeleka sehemu kumi bila kubadilisha neno, lakini barua haiwezi kufanya safari hiyo, kwa sababu tangazo la kazi ni swali na barua ni jibu lake. Mtu aliyeulizwa kama anaweza kushika stoo hajibu kwa kueleza alimaliza skuli mwaka gani.

Kipo kipimo kimoja ninachokitumia hadi leo. Lifunike kwa kidole jina la hoteli, kampuni au wizara uliyoiandikia, kisha uisome barua tangu mwanzo. Ikiwa barua hiyo inaweza kwenda mahali pengine popote vile vile ilivyo, basi bado hujaiandika.

Nianzeje?

Hapa ndipo barua nyingi zinapokufa, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Barua tisa katika kumi nilizozifungua zilianza kwa maneno "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Maneno hayo ni ya mawasiliano ya afisi kwa afisi, ambako karani anahitaji kujua barua iingie jalada gani, na sisi tumeyarithi skulini bila kuuliza yanafanya kazi gani. Kichwa cha habari kimeshasomwa. Kumwambia msomaji ahusike nacho ni kumrudisha alikotoka. Sentensi ya pili kwa kawaida huwa "Mimi ni kijana wa Kizanzibari mwenye umri wa miaka 24, mwenye afya njema na akili timamu." Akili timamu ni maneno ya wasia na ya hati ya kiapo, na sijapata kumwona mwajiri aliyekuwa na wasiwasi juu ya jambo hilo mpaka mwombaji mwenyewe alipolitaja.

Mtu mwenye rundo la barua mbele yake husoma sentensi mbili za mwanzo, na zikiwa hazina kitu huiweka barua chini akachukua nyingine. Sentensi hizo mbili basi zibebe mambo mawili tu: nafasi unayoiomba, na jambo moja ulilolifanya ambalo linaisogelea kazi hiyo kuliko mengine yote. Kwa mfano: "Naomba nafasi ya mhudumu wa mapokezi mliyoitangaza tarehe 3 Mei. Kwa miezi minane nimeshika zamu ya usiku kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni yenye vyumba 14 huko Jambiani, ambako baada ya saa nne usiku mimi ndiye niliyekuwa nikipokea wageni, simu na malipo." Msomaji ameshakujua, na ameshaanza kukuwekea maswali ya usaili.

Wapo wanaouliza kama inafaa kuanza kwa "Assalaam aleikum". Salamu haina ubaya wowote, na ukimwandikia mfanyabiashara wa Darajani unayemfahamu itakuwa ni uungwana. Katika barua ya serikali, au kwa hoteli ambayo msomaji wake humjui, tumia "Ndugu" ukatosheka.

Je, kujieleza hivyo si kujisifu? Sisi tumelelewa kwamba kizuri chajiuza.

Hili nadhani ndilo swali kubwa kuliko yote, ingawa wanaoliuliza kwa maneno ni wachache. Mtoto wa Kizanzibari aliyelelewa kwa adabu anajua kwamba hodari husifiwa na wenzake, na kwamba anayejitangaza huonekana ananata. Akikaa kuandika barua anajikuta hana pa kushika: hawezi kujisifu, basi hugeukia upande wa pili akaomba huruma. Ndipo tunapopata barua zinazosema "mimi ni yatima", "hali ya nyumbani ni ngumu", "nitashukuru sana endapo nitafikiriwa kwa jicho la huruma." Yote hayo yanaweza kuwa kweli, na msomaji anaweza kuguswa nayo kama binadamu, lakini hayamwambii kama utaweza kufunga hesabu za jioni.

Njia ipo kati ya hayo mawili: eleza kitendo, sifa umwachie msomaji. Ukiandika "mimi ni mwaminifu na mchapakazi", umejisifu na hakuna aliyekuamini. Ukiandika "nilikabidhiwa funguo za duka kwa miaka miwili, nikifungua saa moja asubuhi na kuwasilisha mauzo kwa mwenye duka kila jioni", hukujisifu hata kwa neno moja, ila anayesoma amelipata neno uaminifu mwenyewe. Hapo kizuri kinajiuza kweli, kwa sababu umekitoa kwenye bahasha kikaonekana.

Sina uzoefu wowote. Ndiyo kwanza nimemaliza masomo. Niandike nini?

Ninapoambiwa hivi huwa siamini, na mara nyingi huwa sikosei.

Alikuja kwangu binti mmoja wa Wete aliyekuwa akiomba ukarani wa fedha katika duka la vifaa vya ujenzi. Barua yake ilikuwa na aya moja ya masomo na sentensi moja iliyosema "Sina uzoefu lakini nipo tayari kujifunza." Tukazungumza. Katika mazungumzo ikatoka kwamba msimu wa karafuu uliopita alikuwa shambani kwa mjomba wake, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akishika daftari. Nikamuuliza daftari la nini. Akaeleza kama jambo dogo kwamba jioni wachumaji wanaporudi na magunia yao, karafuu hupimwa kwa pishi, naye aliandika kila jina na pishi zake, akazidisha kwa bei ya siku ile, akawalipa fedha mkononi na kubaki na hesabu ya kumpa mjomba. Wachumaji walikuwa 22. Palitokea ubishi mara mbili, na mara zote mbili ubishi ulimalizwa na daftari.

Msichana huyo alikuwa na msimu mzima wa ukarani wa fedha, na ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba hana uzoefu! Tuliifuta sentensi ile, mahali pake tukaweka hii: "Msimu uliopita wa karafuu nilishika daftari la wachumaji 22 wa shamba la familia, nikiandika pishi za kila mmoja na kuwalipa fedha taslimu kila jioni, na hesabu zilifungwa mwisho wa msimu bila upungufu." Hatukuongeza chumvi hata chembe.

Kwa hivyo kabla ya kuandika kwamba huna uzoefu, jiulize ni kazi gani watu wamekuwa wakikutegemea uifanye. Aliyemsaidia mama yake kupima mwani mkavu na kuuza kwa wanunuzi amefanya biashara. Aliyesomesha watoto wadogo chuoni, yaani madrasa, baada ya alasiri amesimamia darasa. Aliyekuwa mweka hazina wa timu ya mpira wa mtaani ameshika fedha za watu wasiosahau. Mazoezi ya vitendo uliyoyafanya ukiwa chuo nayo yana uzito, mradi uyaeleze kwa kazi uliyoifanya. Kuandika tu kwamba "nilifanya fildi" mahali fulani kwa wiki nane hakumfikishi msomaji popote.

Ninahitaji kazi kweli kweli. Je, niandike kwamba nipo tayari kufanya kazi yoyote?

Usiandike. Najua unaandika hivyo kwa unyenyekevu, lakini barua ya "kazi yoyote" haina faili la kuwekwa: si ya jikoni, si ya usafi wa vyumba, si ya bustani. Anayeipokea anapaswa akufikirie yeye mahali pa kukuweka, na hana nafasi hiyo. Kama kweli unaweza kazi mbili, andika barua mbili.

Barua nimwandikie nani?

Tangazo likitaja cheo, kifuate kama kilivyo, hata kama unamjua mwenye cheo hicho kwa jina. Likitaja jina, liandike kwa usahihi na uhakikishe ni Bwana au Bibi. Lisipotaja chochote, "Meneja wa Utumishi" kwa kampuni na hoteli halitakuangusha. Kisha hakikisha jina la taasisi. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana, niliipelekea hoteli moja barua iliyosifu mandhari na huduma za hoteli ya jirani yake, kwa sababu nilinakili barua ya zamani nikasahau kubadilisha aya ya pili. Sikuitwa, na sikustahili kuitwa.

Niandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Jibu kwa lugha ya tangazo. Barua za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ziandikwe kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kiwe sanifu: si "nmefanya", si "xana", wala si "kwaiyo". Hoteli nyingi za Nungwi, Kendwa na Paje hutangaza kwa Kiingereza, na hapo barua ya Kiingereza ni sehemu ya mtihani, hasa kwa mapokezi na kwa wanaotembeza wageni. Ukanda wa Kiwengwa umezoea wageni wa Kitaliano, kwa hivyo kama unakizungumza, kitaje katika aya ya kwanza wala usikiache kikazama kwenye wasifu. Ila usitaje lugha usiyoiweza. Usaili unaweza kugeuzwa lugha wakati wowote, na nimemwona mtu akiganda kwenye kiti kwa salamu ya maneno mawili.

Barua ya kuomba kazi serikalini inatofautianaje na ya hoteli au kampuni?

Inatofautiana kwa mambo mengi, na hapa nawaomba muwe makini zaidi, kwa kuwa serikalini barua nzuri isiyofuata masharti huondolewa mapema kuliko barua mbaya iliyoyafuata.

Nafasi za Serikali ya Mapinduzi hutangazwa na kushughulikiwa kupitia Tume ya Utumishi Serikalini, na maombi siku hizi hutumwa kwa mfumo wa ZanAjira. Nafasi za taasisi za Muungano hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo ina mfumo wake wa kielektroniki, na barua yake huandikwa kwa Katibu, S.L.P. 2320, Dodoma. Watu huchanganya hizi mbili, wakamwandikia Katibu wa huku barua wakaipandisha kwenye mfumo wa kule. Soma tangazo mpaka mwisho, kwa sababu mwisho ndiko kunakoandikwa barua ielekezwe kwa nani, viambatisho gani vinatakiwa na siku ya mwisho ni ipi.

Jina la nafasi linakili herufi kwa herufi. Tangazo likisema "Afisa Utumishi Daraja la II", usiandike "Afisa Rasilimali Watu" kwa kudhani ni yale yale. Weka saini, barua iliyopandishwa bila saini ni kosa la kila siku, na dawa yake ni kuichapisha, kuitia saini kwa kalamu, kisha kuiskani, ukihakikisha inasomeka. Majina yako kwenye barua, vyeti na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi yafanane. Kama yanatofautiana, shughulikia hati ya kiapo au ya kubadilisha jina kabla ya kutuma, usisubiri uulizwe. Na kama tayari wewe ni mtumishi wa umma unayeomba nafasi nyingine, barua yako ipite kwa mwajiri wako, ikiwa na mstari wa "Kupitia kwa" chini ya anwani ya unayemwandikia. Wengi huuruka mstari huo kwa kuogopa mkuu wao atajua. Atajua tu.

Hata hivyo masharti hayo hayakukatazi kusema jambo. Ndani ya barua ya serikali bado ipo aya ya kueleza kitendo kimoja au viwili, na kwa kuwa wenzako wengi wataijaza kwa maneno ya heshima peke yake, yako itaonekana.

Naomba kuona mfano wa barua kamili.

Huu ni mfano niliouandaa kwa mtu anayeomba kazi ya stoo hotelini. Majina yameachwa wazi.

*Shehia ya Kinyasini,*
*Mkoa wa Kaskazini Unguja.*
*Simu: …………*
*12 Mei*

*Meneja wa Utumishi,*
*Hoteli ya …………,*
*Matemwe.*

*Ndugu,*

*YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MSAIDIZI WA STOO*

*Naomba nafasi ya msaidizi wa stoo mliyoitangaza wiki iliyopita. Tangu mwaka 2022 ninashika stoo ya duka la jumla la vyakula lililopo Mwanakwerekwe, ninapopokea mizigo mara tatu kwa wiki na kuihakiki na hati yake kabla haijaingia ndani.*

*Tangazo lenu limesema mnamtaka mtu anayeweza kupunguza upotevu wa bidhaa. Dukani petu mchele na unga havikuwa na tatizo; maziwa, mtindi na juisi ndivyo vilivyokuwa vikipitwa na tarehe. Nilianza kupanga mzigo mpya nyuma na wa zamani mbele, na kuandika tarehe ya mwisho kwa kalamu nene kwenye kila katoni. Kabla ya hapo tulikuwa tukitupa hadi katoni tisa kwa mwezi; sasa hazizidi tatu.*

*Hesabu za stoo naziandika kwenye kompyuta na kwenye daftari, kwa sababu umeme ukikatika mzigo hausubiri. Ninasoma Kiingereza cha hati na lebo bila shida, ingawa katika kuzungumza bado ninajifunza.*

*Nimeambatisha wasifu wangu na nakala za vyeti. Naweza kufika kazini saa kumi na mbili asubuhi, na nitahitaji mwezi mmoja wa kumpa taarifa mwajiri wangu wa sasa.*

*Wako,*

*(saini na jina kamili)*

Angalieni mambo mawili hapo. Aya ya pili imeokota neno moja la tangazo, yaani upotevu, na barua nzima imejengwa juu yake; mwombaji hakujibu kila sifa iliyotajwa, amejibu ile iliyokuwa ikimuuma mwajiri. Tena amekiri udhaifu mmoja, wa Kiingereza cha kuzungumza, kwa nusu sentensi na bila kuomba radhi. Msomaji akikuta ungamo dogo kama hilo huyaamini zaidi na yale mengine. Ila angekuwa anaomba mapokezi, udhaifu huo ungemkosesha kazi, na kwa kweli asingepaswa kuomba.

Kuhusu mwisho wa barua, wengine wanapenda "Wako mtiifu" au "Wako katika ujenzi wa taifa". Serikalini bado yamezoeleka na hayana madhara. Mimi naona "Wako" inatosha.

Barua iwe na urefu gani?

Ukurasa mmoja, na usiujaze. Ukiona imevuka, punguza aya ya masomo kwanza, maana hiyo ipo kwenye wasifu.

Steshenari wanazo barua tayari, na programu za akili mnemba zinaandika kwa dakika moja. Kuna ubaya gani kuzitumia?

Wiki moja nilipokea barua tano kutoka kwa watu watano wasiojuana, zote zikiwa na aya ile ile moja na zote zikiwa zimeandika "ushilikiano" kwa herufi l. Baadaye tuligundua zimetoka steshenari moja, ambako kijana wa kompyuta alikuwa akibadilisha jina na nambari ya simu tu. Haikuwa dhamira mbaya, alikuwa akisaidia watu, lakini waombaji wote watano wakawa kama mtu mmoja.

Programu za akili mnemba hazikosei herufi namna hiyo, ila zina kasoro ya jamii ile ile: hazikujui. Ukiziomba barua zitakupa maneno ya kupendeza kuhusu "shauku" na "mazingira yenye ushindani", ambayo na jirani yako ameyapata jana usiku. Kuzitumia kukagua tahajia au kupunguza urefu wa barua uliyoiandika wewe sioni kosa. Lakini daftari la pishi na katoni za maziwa havimo ndani yake. Hivyo unavyo wewe peke yako.

Ninaishi Pemba na kazi ipo Unguja. Je, nifiche anwani yangu?

Usifiche, kwa sababu itajulikana siku ya kuitwa. Mwajiri wa Unguja akiona Chake Chake au Micheweni huwaza mambo matatu: utafika kwenye usaili, utakaa wapi, na hutaondoka baada ya mwezi kwa kukumbuka nyumbani. Yajibu kwa sentensi moja: "Ninaishi Chake Chake, na nikipewa taarifa ya siku mbili naweza kufika Unguja kwa usaili, nikiajiriwa nitakaa kwa ndugu zangu Bububu." Wanaotoka Unguja kwenda Pemba nao wafanye vivyo hivyo, kwani huko hofu ya mgeni kuondoka mapema ni kubwa zaidi.

Nilikaa miaka minne nyumbani nikilea. Nieleze vipi pengo hilo?

Kwa sentensi moja isiyo na aibu, kisha uendelee: "Kati ya 2019 na 2023 nilikuwa nyumbani nikilea watoto, na sasa ninarudi kazini." Kama katika miaka hiyo ulipika vitafunwa vya kuuza au ulishona kwa oda, itaje kama kazi. Aliyeachishwa kazi naye hana haja ya kusimulia ugomvi katika barua. Asubiri aulizwe usaili, ajibu kwa kifupi, na asimseme vibaya mwajiri wa zamani. Visiwa hivi ni vidogo na mtu humjua mtu.

Je, nimtaje mtu mkubwa anayenifahamu?

Tunazungumzia kimemo, na tusijifanye hatukijui. Kumtaja mtu aliyefanya kazi nawe ni jambo la halali na lina manufaa: "Mkuu wangu wa jikoni katika kazi iliyopita yupo tayari kuulizwa kuhusu kazi yangu." Huyo ndiye mdhamini, mahali pake ni kwenye wasifu, na lazima uwe umemwomba ruhusa kwanza. Kumtaja mheshimiwa ambaye ni ami yako, asiyejua unakata kitunguu vipi, ni jambo jingine. Nimeona likimfungia mtu mlango, kwa sababu meneja aliogopa kumwajiri asiyeweza kumkaripia.

Je, nitaje mshahara? Niweke picha? Niambatishe barua ya sheha?

Vyote vitatu ni kwa kuombwa tu. Na yeyote anayekuomba fedha ili barua yako "isogezwe mbele", awe ndani ya taasisi au nje yake, usimpe.

Hoteli zinaajiri wakati gani, na barua niitume lini?

Masika ya Machi hadi Mei huwa ni kimya, hoteli nyingi za pwani hupunguza wafanyakazi na nyingine hufunga kwa matengenezo, kisha wageni huanza kujaa kuanzia Juni. Barua inayofika Aprili mwishoni au Mei humkuta meneja akipanga orodha yake ya msimu. Ikifika Julai humkuta amemaliza. Kipo kipindi kifupi kingine cha Oktoba na Novemba, kabla ya wageni wa Disemba.

Nitume kwa bahasha, kwa barua pepe au kwa WhatsApp?

Fuata tangazo. Kwa barua pepe, kichwa cha ujumbe kiwe nafasi na jina lako, na barua na wasifu viwe mafaili ya PDF yenye jina lako. Nimepokea mafaili yaliyoitwa "mpya mpya 2" zaidi ya ninavyoweza kuhesabu. Usiuache ujumbe wenyewe mtupu, weka sentensi mbili za kueleza ulichoambatisha. Kwa WhatsApp, ambayo hoteli nyingi ndogo sasa huitumia, adabu ni ile ile: salamu, jina, nafasi, faili, basi. Usitume picha ya karatasi iliyopigwa juu ya kitanda, na itazame picha yako ya wasifu na maneno yaliyo chini yake kabla hujatuma, kwa sababu sisi tulikuwa tukiyatazama.

Wiki mbili zimepita na sijajibiwa. Nifanye nini?

Kwa nafasi za serikali, fuatilia matangazo ya kuitwa kwenye usaili kupitia mfumo uliotumia kuomba, wala usimpigie mtu. Kwa hoteli na kampuni, piga simu mara moja baada ya siku ya mwisho ya tangazo kupita, asubuhi kati ya saa tatu na saa tano, wakati wageni wanaoondoka bado hawajapanga foleni mapokezi. Sema jina lako, nafasi na tarehe uliyotuma, uliza kama barua ilifika, shukuru, kata simu. Ukiambiwa haikufika, itume tena siku hiyo hiyo, na safari hii iandike nambari ya simu upya kwa kuitazama kwenye simu yenyewe: barua moja nzuri ya mpishi niliipenda sana, nikampigia mara tatu, na mara zote tatu akapokea mvuvi wa Kizimkazi aliyechoka kuulizwa habari za pilau.